Tela la Kulala Lililokaa Miaka Mingi: Likagueni Kabla ya Kuwalaza Watoto

Katika baadhi ya viwanja vya makanisa, hospitali za misheni na vyuo vya Biblia utakuta tela jeupe limeegeshwa nyuma ya gereji au chini ya mwembe. Ukichungulia dirishani unaona vitanda, meza ndogo, sinki, jiko la gesi na makabati. Ni nyumba ndogo yenye magurudumu, na wengi huiita karavani. Aliyelileta alikuwa mmisionari au daktari wa kujitolea kutoka Ulaya. Utumishi wake ulipokwisha alirudi kwao, tela likabaki. Miaka imepita, matairi yamelala, kuku wanataga chini yake.

Kisha siku moja kikao cha akina mama kinauliza: kwa nini mali ya kanisa ioze bure? Si tungelitumia kwenye makambi, kwenye makongamano, au kwa huduma ya kliniki vijijini?

Swali hilo ni jema. Mali ya Bwana haipaswi kuoza. Hata hivyo, mama mpenzi msomaji, sisi tulio wauguzi na tunaojitolea katika kamati ya afya ya kanisa tungependa kuongeza swali jingine kabla ya lile: je, tela hilo ni salama kwa mtoto kulala humo usiku kucha mlango ukiwa umefungwa?

Tunaandika haya kwa sababu kikundi chetu kilikabidhiwa tela la namna hiyo, lililotoka Ujerumani na kukaa bila kazi miaka 9. Kongamano la akina mama lilikuwa limepangwa kufanyika Njombe mwezi wa Julai, na nia ilikuwa akina mama wenye watoto wachanga walale humo badala ya kulala sakafuni darasani. Mchana lingetumika kama chumba cha huduma ya kwanza. Zilibaki wiki 6. Wenzetu walikuwa wamekwisha kununua vitambaa vya mapazia. Sisi tuliomba mapazia yasubiri.

Kwa nini kukaa tu ni hatari

Mgonjwa aliyelala kitandani miezi mingi hatumwinui ghafla na kumwambia atembee. Misuli imelegea, viungo vimekakamaa, ngozi imedhoofika mahali tusipopaona. Tunaanza pole pole, tukimwangalia pumzi na mapigo ya moyo. Tela lililokaa ni hivyo hivyo. Mpira hukauka na kupasuka. Grisi hugeuka kama sabuni ngumu. Chuma hushika kutu. Mbao hunyonya maji. Panya, nyigu na buibui huhamia kwenye kila tundu. Kwa nje linaonekana zima, hasa likioshwa.

Nyumba za kukokotwa si jambo geni duniani. Mwaka 1885 daktari mmoja Mskoti, William Gordon Stables, alitengenezewa mjini Bristol, Uingereza, nyumba ya kusafiria iliyokokotwa na farasi wawili, nayo huhesabiwa miongoni mwa karavani za kwanza za matembezi. Mwaka 1959 kundi la Wamarekani lilikokota karavani zao kutoka Cape Town hadi Cairo. Basi kazi hii inawezekana, hata katika barabara za Afrika. Linalotakiwa ni utaratibu.

Siku ya kwanza: fungueni, msifagie

Mama akiona uchafu mkono wake hutafuta ufagio. Hapa tunaomba ujizuie. Mavi makavu ya panya na popo yakifagiliwa hutoa vumbi linaloingia mapafuni pamoja na vijidudu. Mkojo wa panya nao unaweza kuleta leptospirosisi, ugonjwa ambao Watanzania wengi waliujua kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022.

Fungueni mlango na madirisha yote, kisha kaeni nje kwa nusu saa. Mwenye kuingia avae glavu, barakoa na viatu vilivyofunika miguu. Achunguze kwanza kwa tochi kama kuna nyoka, nge au mzinga wa nyuki. Changanyeni kikombe kimoja cha dawa ya klorini ya kufulia, kama Jik, na vikombe 9 vya maji. Nyunyizeni palipo na mavi ya panya mpaka palowe, subirini dakika 10, ndipo mfute kwa matambara ya kutupwa. Dawa hiyo msiichanganye na sabuni ya chooni wala dawa nyingine yoyote, kwani huweza kutoa gesi ya kuchoma mapafu. Magodoro ya sponji yaliyokojolewa na panya hayaponi. Yachomwe moto nje, na mtu asisimame kwenye moshi wake. Mjamzito asifanye kazi hii, wala watoto wasiwepo.

Mkimaliza, tembeeni ndani mkikanyaga kwa kisigino. Sakafu inayobonyea imeoza chini. Bonyezeni kuta kwa kidole gumba, hasa pembeni mwa madirisha na chini ya kona za paa. Ukuta laini au wenye madoa ya kahawia unaonyesha kwamba maji yanaingia. Paa lizibwe kabla ya jambo lolote la urembo, kwa kuwa ukungu huwasumbua sana watoto wenye pumu.

Magurudumu: mtoto wa leo asibebwe na tairi la jana

Tairi la tela haliishi kwa kulika kama la gari. Linazeeka likiwa limesimama, na kashata zake zinaweza kuonekana mpya kabisa. Kila tairi lina umri wake umeandikwa ubavuni. Tafuteni herufi DOT, kisha tazameni tarakimu 4 za mwisho. Zikiwa 2314, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Baada ya miaka 5 au 6 tairi lichunguzwe kila mwaka na fundi anayejua kazi yake, na likifika miaka 10 liondolewe hata kama linang'aa. Nyufa ndogo ubavuni ni sababu tosha ya kulikataa mapema zaidi. Katika tela letu, matairi ndiyo yaliyokula fedha nyingi kuliko kitu chochote. Tuliuza vitambaa vya mapazia na kuongezea.

Kisha mwiteni fundi anyanyue kila upande kwa jeki na kuzungusha gurudumu kwa mkono. Likikwaruza au kutikisika, beringi zimechoka. Hata lisipokwaruza, zifunguliwe, zisafishwe na kutiwa grisi mpya. Breki za matela ya Ulaya nyingi hufanya kazi kwa msukumo: gari likipunguza mwendo, tela husukuma chuma cha mbele, nacho huvuta waya za breki. Tela likihifadhiwa huku breki ya mkono imevutwa kwa miaka, viatu vya breki hugandana na ngoma yake. Fundi afungue ngoma na kuona kwa macho, asiridhike kwa kusukuma tu.

Gurudumu likishafungwa, nati zikazwe kwa kufuata mtindo wa nyota, zisikazwe kwa kuzunguka mfululizo. Baada ya kilomita 50 za kwanza msimame mzikaze tena. Kufuli ya mbele inayoshika gari ichunguzwe kama inajifunga yenyewe na kukataa kunyanyuka. Uwepo pia mnyororo au waya wa akiba, ili kufuli ikiachia tela lisiende peke yake katikati ya watu.

Taa nazo zipimwe. Tela la Ulaya huenda likawa na plagi ya pini 13 na gari lenu likawa na pini 7. Fundi umeme wa magari anajua kuunganisha. Mtu mmoja akae kwenye usukani, mwingine asimame nyuma: breki, indiketa ya kushoto, ya kulia, taa za usiku. Mwisho, nendeni kwa askari wa usalama barabarani mkaulize habari za ukaguzi na namba. Ni heri kuulizwa mkiwa kituoni kuliko kuulizwa njiani mkiwa na watoto.

Gesi: mtungi wetu na mabomba yao

Siku hizi akina mama wengi tunapika kwa gesi, na serikali ya Tanzania katika mkakati wake wa mwaka 2024 imekusudia asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba mtungi wa nyumbani utafungwa kwenye tela na kazi imekwisha. Sivyo.

Kwanza, koki za mitungi yetu hazifanani na za Ujerumani, kwa hiyo regyuleta ya kule haiingii kwenye mtungi wa hapa. Pili, karavani nyingi za zamani za Ujerumani ziliundwa kwa msukumo wa milibari 50, na za baadaye kwa milibari 30. Namba hiyo huandikwa kwenye kibandiko cha jiko au friji. Regyuleta isiyolingana na kifaa hufanya moto uwe mkubwa mno au mdogo mno, na moto usiowaka vizuri ndio unaotoa sumu. Msikubali fundi anayelazimisha kwa kufunga raba na waya.

Tatu, mpira wa gesi na regyuleta vina umri. Wajerumani huvibadilisha kila baada ya miaka 10, na wana utaratibu wa kukagua gesi yote ya karavani kila baada ya miaka 2. Sisi tuliponyoosha mpira wa tela letu ulipasuka kama ganda la karanga.

Kila kiungo kipakwe povu la sabuni mtungi ukiwa umefunguliwa. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Mtu asipime kwa kiberiti. Mkumbuke pia kwamba gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutulia sakafuni, pale watoto wanapotambaa. Ndiyo maana tela lina matundu sakafuni, na matundu hayo si uharibifu wala mlango wa panya wa kuzibwa. Wekeni wavu wa chuma wa kuzuia panya, lakini hewa ipite. Mkisikia harufu ya gesi, fungeni mtungi, fungueni mlango, tokeni wote nje. Msiwashe taa wala kuizima, wala msipige simu mkiwa ndani.

Adui asiye na harufu

Hapa ndipo penye neno tunalotaka kila mama alishike, hata kama hatawahi kulala ndani ya karavani. Mkaa, kuni, mafuta ya taa, petroli na gesi, vyote vikiungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, wala haichomi macho. Ikiingia kwenye damu hushikamana na chembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mwili hufa njaa ya oksijeni huku mtu akipumua kama kawaida.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na uchovu. Watu wengi hudhani ni malaria, au chakula kibaya. Kinachoweza kukutambulisha ni hiki: watu kadhaa wanaugua kwa pamoja, tena wanapata nafuu wakitoka nje. Wakiwa usingizini hawapati dalili ya kuwaamsha. Sisi tunaofanya kazi wodini tumepokea familia zilizolala na jiko la mkaa ndani ili wapate joto. Tumewapokea wengine wakiwa hai, na wengine hatukuwa na la kuwafanyia.

Tela ni dogo kuliko chumba, tena limezibwa vizuri ili baridi isiingie. Gesi inayohitaji saa nyingi kujaza chumba hulijaza tela upesi. Friji na kipasha joto vya gesi vina bomba la kutolea moshi nje, na bomba hilo likikaa miaka bila kutumika nyigu hujenga humo. Fundi wetu alipofungua bomba la friji alitoa vikombe viwili vya udongo wa nyigu. Friji hiyo ingewashwa, moshi wake ungerudi ndani, penye vitanda.

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi yake huingia mifupani. Tulijua kwamba mtu ataomba kuingiza jiko la mkaa. Kweli, katika kikao kabla ya safari mama mmoja mtu mzima, ambaye wote tunamheshimu, alisimama akasema: "Wanangu, sisi tumezaa na kulea kwenye nyumba za moto katikati. Mkaa haukutuua. Mtawaua watoto kwa baridi."

Tulimjibu kwa upole: "Shikamoo mama, usemalo ni kweli. Lakini nyumba zile ziliezekwa kwa nyasi, moshi ukapita juu, na ukutani kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Hili ni kopo lenye kifuniko. Jiko lile lile, mkaa ule ule, lakini hewa haipo."

Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Basi mtawapasha joto na nini?" Swali hilo lilikuwa la haki, kwa maana baridi nayo huua mtoto mchanga. Kusema "hapana" bila kutoa njia nyingine kungemwacha mama wa saa nane usiku achague mwenyewe, naye angechagua mkaa.

Tulifanya hivi. Mtungi wa gesi haukupandishwa kwenye tela kabisa kwa safari ile, kwa kuwa mabomba mapya yalikuwa hayajapatikana. Upishi wote ulifanyika nje, hatua kadhaa kutoka madirishani. Kila mtoto mchanga alilala ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama yake, kofia kichwani na soksi miguuni, khanga na blanketi juu ya wote wawili, kwa mtindo ule ule wa kangaruu tunaoufundisha kwa watoto njiti. Chupa za maji ya moto zilifungwa kwenye taulo na kuwekwa vitandani kabla ya kulala, kisha zikaondolewa mtoto alipowekwa, ili asiungue. Sakafuni yalitandikwa maboksi na mikeka, kwa kuwa baridi kubwa ya tela hutoka chini. Matundu ya hewa yaliachwa wazi. Mama mzee yule alijitolea kuwa mlinzi wa mlango, naye kwa usiku tatu hakupita mtu na jiko. Watoto wote 5 walirudi nyumbani salama.

Kuna kengele ndogo ya betri inayolia ikigundua kaboni monoksaidi. Mkiweza kuipata, nunueni. Tazameni kama imeandikwa EN 50291, na sehemu ya 2 ya kipimo hicho ndiyo inayohusu karavani na boti. Ina tarehe ya mwisho ya kutumika, na kitufe cha kuijaribu. Kengele hiyo husaidia hewa safi, haiwezi kuchukua nafasi yake.

Mtu akikutwa amelegea ndani, fungueni mlango, mtoeni nje haraka, naye anayeingia asikae humo. Asiyejitambua alazwe kwa ubavu, na kama hapumui apewe pumzi na kukandamizwa kifua na anayejua. Mpelekeni hospitali, mkamwambie mganga waziwazi kwamba alilala penye moto, kwa sababu kipimo cha kawaida cha kidoleni huweza kuonyesha oksijeni inatosha wakati haitoshi. Mjamzito apelekwe hata akisema amepata nafuu. Sumu hii humkaa mtoto tumboni kwa muda mrefu kuliko inavyomkaa mama.

Maji, umeme na moto

Tangi la maji lililokaa huota utando ndani. Limwageni, lisuguliwe panapofikika, kisha lijazwe maji na klorini. Kwa kila lita 100 tieni mililita 150 za dawa ya klorini isiyo na manukato yenye nguvu ya asilimia 3.5, ambayo ni kama theluthi mbili ya glasi. Fungueni kila bomba mpaka harufu ya klorini isikike, yaacheni maji hayo saa 4, myamwage yote na kusuuza mpaka harufu iishe. Bomba la kuogea nalo lipitishwe dawa, kwani bakteria waitwao Legionella, waliotambuliwa baada ya mlipuko wa mwaka 1976 huko Philadelphia, Marekani, hupenda maji yaliyotuama na huingia mwilini kwa kuvuta mvuke wa matone. Pamoja na yote hayo, maji ya kunywa ya watoto yachemshwe na kubebwa kwenye chombo chake.

Betri ya zamani yenye uvimbe au inayovuja isichajiwe, itupwe kwa wanunuzi wa betri chakavu. Panya hupenda kutafuna waya, hivyo fundi umeme azifuate zote kabla ya kuweka fyuzi mpya. Jenereta, kama lipo, likae mbali na upepo usielekeze moshi wake madirishani. Moshi wake una sumu ile ile.

Tela limejengwa kwa mbao nyembamba, sponji na plastiki. Likishika moto huungua kwa dakika chache. Wekeni kizima moto cha unga karibu na mlango, chenye tarehe nzuri. Hakikisheni kila dirisha linafunguka kwa mkono wa mama aliye peke yake, kwa sababu raba zake hugandana zikikaa. Wafundisheni watoto wakubwa njia mbili za kutokea. Msiwashe mshumaa ndani, hasa penye chandarua. Mtanzania apigie Zimamoto kwa namba 114.

Njiani

Mtu asipande ndani ya tela likiwa linakwenda, hata kama gari limejaa na mtoto analia usingizi. Halina mikanda, kuta zake ni nyembamba, na dereva hasikii kilio cha humo. Mizigo mizito ikae chini, usawa wa magurudumu. Ikijazwa nyuma, tela huanza kuyumba kama mkia wa samaki. Likiyumba, dereva aachie mafuta pole pole bila kukanyaga breki kwa ghafla. Sisi tulimwomba dereva wetu asizidi kilomita 70 kwa saa, naye alitii.

Liko jambo moja ambalo wengi hawalitambui. Matela ya Ujerumani na nchi jirani zake yana mlango upande wa kulia, kwa sababu wao huendesha kulia. Hapa kwetu tunaendesha kushoto. Kwa hiyo mkisimama kando ya barabara, mlango unafunguka penye magari yanayopita! Msifungue mlango huo barabarani. Ingieni kwenye uwanja wa shule, wa kanisa au kituo cha mafuta, ndipo watoto waingie na kutoka.

Wajibu wa mwenye nyumba

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba ajengaye nyumba mpya ajenge na ukingo kuzunguka paa, mtu asije akaanguka na nyumba ile ikawa na hatia ya damu. Tunaona hapo kwamba machoni pa Mungu ukarimu na usalama ni kazi moja. Anayemkaribisha mgeni darini ndiye anayewajibika kwa ukingo. Nasi tunaomwambia mama mwenzetu, "Lala humu na mtoto wako," tumechukua wajibu wa magurudumu yaliyombeba na hewa atakayoivuta usiku.

Basi kama kanisa lenu lina tela chini ya mwembe, tuwaachie orodha hii mkaisome katika kikao:

1. Tarakimu 4 za mwisho za kila tairi ni zipi?
2. Fundi amefungua beringi na ngoma za breki kwa macho yake?
3. Mpira wa gesi na regyuleta ni vipya, tena vinalingana na kibandiko?
4. Matundu ya hewa na mabomba ya moshi yako wazi?
5. Tangi limepita klorini saa 4?
6. Kila dirisha linafunguka?
7. Mmekubaliana, kwa kauli moja, kwamba moto wa mkaa hauingii humo, na mmeandaa njia nyingine ya joto?

Jibu moja likiwa "bado", watoto walale darasani kama miaka yote. Darasa lina baridi, lakini lina hewa. Mkiisha kujibu yote saba, kateni vitambaa mshone mapazia, na Bwana awabariki safarini.